Corolla EE90 iliyogeuzwa kuwa EFI: inawaka vizuri asubuhi, inafia kwenye foleni

Gari ni Corolla EE90, sedani, lililotoka kiwandani na injini ya 2E ya kabureta, cc 1295. Injini hiyo ilipochoka ilitolewa, ikawekwa 4E-FE ya mtumba ya EFI (mafuta hupulizwa na injekta zinazoongozwa na kompyuta, badala ya kabureta), cc 1331, valvu 16, ikiwa na waya zake zote na kompyuta yake, ile ambayo mafundi wanaiita kontrol boksi. Kazi ya injini ilifanywa vizuri. Waya zilifungwa kwa mpangilio, mipira ya hewa haivuji, na taa ya injini inawaka na kuzima inavyotakiwa. Sehemu iliyofanywa kwa haraka ni njia ya mafuta kutoka tanki hadi injini, na ndiyo iliyolisumbua gari hili kwa miezi.

Malalamiko yalikuwa hivi. Asubuhi linawaka mara moja na kukimbia vizuri. Likikaa dakika 40 kwenye foleni ya mchana, linaanza kukwama kila dereva anapokanyaga mafuta, pampu inalia kwa sauti kali, na likizimwa haliwaki tena mpaka lipoe. Mafuta yakishuka chini ya robo tanki, linazima likizunguka kipilefti. Na harufu ya petroli haiishi ndani ya gari.

Kabla ya hapo zilishabadilishwa plagi, sensa ya MAP (ya presha ya hewa kwenye manifoldi), sensa ya trotoli, na mwishoni kontrol boksi yenyewe. Huko ni kupiga ramli. Gari la EFI likikosa nguvu likiwa na joto huku pampu inalia, kifaa cha kwanza kushika ni geji ya presha ya mafuta.

Kilichokutwa

Ukifuata mafuta kutoka nyuma kwenda mbele, mpangilio ulikuwa huu: tanki la zamani la kabureta, bomba la chuma la mm 8 linalopita chini ya gari, karibu mita 3.5, kisha, ndani ya chumba cha injini, filta mpya ya chuma ya EFI, halafu pampu ya umeme ya nje iliyofungwa kwenye ukuta wa injini, halafu mpira mweusi moja kwa moja hadi kwenye reli ya injekta, yaani bomba linalozigawia injekta mafuta. Mafuta yanayobaki yanarudi kwa bomba la mm 6 lililokuwa la kabureta.

Yaani filta nzuri iliwekwa kabla ya pampu, na baada ya pampu hakuna filta yoyote. Sababu iliyotolewa ni kuilinda pampu na uchafu. Ukiisikia haraka inaingia akilini, lakini ndiyo kosa kubwa kuliko yote kwenye gari hili.

Mpira kati ya pampu na reli ulikuwa na maandishi ya SAE 30R7, namba ya daraja la mpira wa mafuta. Huo ni mpira wa kabureta. Klipu zilikuwa zile za kukaza kwa bisibisi zenye mkanda uliotobolewa matundu, na mbili kati yake zilikuwa zimeshaukata mpira. Ukizungushia karatasi laini ya tishu kwenye ncha ya mpira upande wa reli, ilitoka na doa la unyevu ndani ya dakika moja. Harufu ilikuwa inatoka hapo, sentimita 20 tu kutoka kwenye manifoldi ya moshi.

Umeme wa pampu ulichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Maana yake, ufunguo ukiwa kwenye ON, pampu inasukuma, injini iwe inazunguka au la. Gari likigonga na mpira ukachomoka, pampu ile itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto mpaka mtu akumbuke kuzima ufunguo. Hata kama gari lingekuwa halina shida nyingine, lisingefaa kutoka gereji likiwa na waya wa namna hiyo.

Vipimo

Geji iliunganishwa kwa kiungo cha T kabla ya reli. Kwa 4E-FE, kama ilivyo kwa injini nyingi za Toyota za wakati ule, presha inatakiwa iwe kati ya bar 2.1 na 2.5 ikiwa sailensi (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na mpira wa vakyumu wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya reli, umeunganishwa, na kati ya bar 2.7 na 3.0 ukiuchomoa mpira huo. Injini ikiwa baridi, gari lilisoma 2.3 na 2.9. Safi kabisa, na ndiyo maana kila aliyepima asubuhi alisema mafuta hayana shida.

Baada ya nusu saa ya kuunguruma kwenye jua, sindano ilianza kucheza. Sailensi ilisoma 2.1, na injini ilipopandishwa hadi mizunguko 3,500 ikashuka hadi bar 1.6. Hapo kompyuta inafungua injekta kwa muda uleule, lakini yanayotoka ni pungufu, na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli. Kompyuta haina sensa ya presha ya mafuta, kwa hiyo haijui kuwa presha imeshuka, na mara nyingi haikuandikii msimbo wa kosa.

Kipimo cha pili ni cha ujazo. Mpira wa kurudisha mafuta ulichomolewa na kuelekezwa kwenye chombo chenye alama, pampu ikaendeshwa sekunde 30 bila injini. Ikiwa baridi ilitoa lita 0.75. Ikiwa na joto ilitoa lita 0.42, tena kwa kutapika, povu na petroli vimechanganyika.

Kipimo cha tatu ndicho kilichomaliza ubishi. Pampu ileile, ikiwa bado ina joto, ililishwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu la lita 5 lililowekwa juu zaidi ya pampu, bila filta mbele yake. Sekunde 30, lita 0.78, hakuna povu. Pampu ni nzima. Inakosa cha kusukuma. (Kipimo hiki kifanyike nje, gari likiwa limepoa kwenye manifoldi ya moshi, na mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe mkononi mwa mtu wa pili, siyo ndani ya stoo.)

Kwa nini ilikuwa hivyo

Pampu ya EFI imetengenezwa kusukuma. Kusukuma inasukuma sana, zaidi ya mara kumi ya pampu ya kabureta inayotoa bar 0.2 hadi 0.3, lakini kuvuta ni dhaifu. Inataka mafuta yaifuate yenyewe, kwa hiyo mahali pake ni ndani ya tanki, au nje lakini chini ya usawa wa tanki na karibu nalo. Hapa ilipandishwa juu na mbele, ikaambiwa ivute mita 3.5, kisha ikawekewa karatasi nzito ya filta mdomoni.

Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi hata zikiwa kwenye presha ya kawaida ya hewa. Ukizivuta, presha inashuka, na zinachemka kabla ya hapo. Ongeza joto la chumba cha injini kwenye foleni, na petroli inageuka mvuke kwenye mlango wa pampu. Pampu inapokea mapovu, mapovu yanapasuka ndani yake, na ule mlio ndio huo. Petroli ndiyo inayoilainisha na kuipoza pampu. Ikinyweshwa mvuke, haimalizi mwaka.

Jambo lingine linalosahaulika: injini hii ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haili zaidi ya lita 30 hivi kwa saa. Pampu inatoa karibu lita 90. Kwa hiyo theluthi mbili ya petroli inazunguka tu, inapita kwenye reli ya moto na kurudi tanki ikiwa imebeba joto. Kadiri tanki linavyopungua ndivyo kilichobaki kinavyopata moto. Ndiyo sababu gari lilisumbua zaidi likiwa na robo tanki, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Kuhusu kuzima kwenye kipilefti, sababu ni tanki lenyewe. Tanki la kabureta ni boksi tupu. Mafuta yakiwa machache na gari likiinama kwenye kona, yanakimbilia upande mmoja na bomba la kuvutia linabaki hewani sekunde mbili tatu. Kabureta haioni shida, kwa sababu ina bakuli lake lenye akiba. Reli ya injekta haina akiba. Hewa ikifika, injini inazima papo hapo.

Na filta? Filta ya EFI kazi yake ya kwanza ni kulinda injekta, ambazo matundu yake ni madogo sana. Pampu inavyochakaa inatoa vumbi la kaboni kutoka kwenye brashi zake. Bila filta baada ya pampu, vumbi lile linaenda moja kwa moja kwenye injekta. Pampu nayo inalindwa na chujio la matundu makubwa, ile soksi ya ndani ya tanki, kwa sababu inaacha mafuta yapite bila kuyabana. Chujio pana kabla ya pampu, filta ya karatasi baada yake. Mpangilio huo haugeuzwi.

Tanki na pampu

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuacha tanki la kabureta na kuongeza tanki dogo la akiba la lita 1.5 hadi 2, likilishwa na pampu ya presha ndogo, kisha pampu ya EFI ivute kutoka chini ya hilo dogo. Inafanya kazi, na kwa magari ambayo hayakuwahi kutengenezwa na EFI ndiyo njia ya kawaida. Lakini inaongeza pampu ya pili na viungo visivyopungua sita, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

EE90 ina bahati: mwili uleule ulitengenezwa pia na injini za EFI. Kwa hiyo ilitafutwa njia ya pili, tanki la Corolla ya mwili huohuo (E90) yenye EFI, sedani kwa sedani, likiwa na mabano ya pampu ya ndani na floti yake ya kupimia mafuta. Ukienda kulitafuta Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, usikubali tanki bila mfuniko wa pampu na mabano yake, maana kuvipata peke yake ni kazi kuliko tanki. Lichungulie ndani kwa tochi. Kutu ya unga inasafishika, lakini kutu ya magamba itakula pampu mpya.

Kuna wanaofungua tanki la zamani na kuchomelea vibati vya kuzuia mafuta yasiyumbe. Tanki tupu la petroli limejaa mvuke, na ni hatari kuliko lililojaa mafuta. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Usilichomelee.

Presha ilitolewa kwanza: fyuzi ya pampu ikachomolewa injini ikiwa sailensi, ikaachwa mpaka ikazima yenyewe, kisha terminali hasi ya betri ikafunguliwa. Hata hivyo bolti ya kwanza ilifunguliwa polepole ikiwa imezungushiwa kitambaa, maana kijiko kimoja cha petroli hubaki daima.

Ndani ya tanki, pampu mpya ilifungwa na soksi mpya. Kipande cha mpira kati ya pampu na bomba la mabano, sentimita 5 tu, ni SAE 30R10. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanaweka 30R9, ambao ni mzuri sana nje ya tanki. 30R9 umetengenezwa kubeba petroli ndani yake, ngozi yake ya nje haivumilii kuogelea. Baada ya miezi unalainika, unapasuka, na presha inavujia ndani ya tanki bila tone kuonekana nje. Gari linakosa nguvu na huoni sababu.

Mabomba na mipira

Bomba la chuma la mm 8 lenyewe linahimili presha ya EFI bila wasiwasi, kama ni zima. Chini ya gari hili lilikuwa limeliwa na kutu mahali pawili, penye vishikizo, ambapo tope na chumvi hukaa. Chini ya kabureta kutu hiyo ingekaa miaka mingine, lakini kwa bar 3 ingetoboka. Kipande chote kilibadilishwa kwa bomba la aloi ya shaba na nikeli, mm 8. Shaba tupu haifai, inakakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Lilikatwa kwa kikata bomba cha gurudumu, siyo msumeno, maana unga wa chuma wa msumeno unaishia kwenye filta siku ya kwanza.

Kila ncha inayopokea mpira ilitengenezewa ukingo ulioinuka. Hili halionekani kuwa kubwa, lakini ndilo linalozuia mpira kuteleza. Kwenye kabureta unaweza kusukumia mpira kwenye bomba laini ukakaza klipu, ukakaa miaka kumi. Kwa presha ya EFI utachomoka siku moja ukiwa barabarani. Mpira uliingizwa mm 25, na klipu ikakaa mm 3 hadi 4 nyuma ya ukingo, siyo juu yake.

Mipira yote ya nje ni 30R9, mm 8 kwa kwenda na mm 6 kwa kurudi. Kuna atakayesema 30R7 nao unabeba psi 50 (karibu bar 3.4), na gari linatumia psi 42 tu (bar 2.9). Hesabu hiyo inasahau siku ambayo bomba la kurudi litajikunja au regyuleta itaganda: pampu ikizibiwa njia inapanda hadi bar 5 au zaidi, na 30R7 uliokwisha kupikwa na joto la injini hautafika huko. 30R9 unabeba psi 100, karibu bar 7. Soma maandishi kwenye mpira wenyewe, usisikilize jina analotamka muuzaji. Mpira usio na maandishi, hata uwe mnene namna gani, urudishe.

Klipu ni zile za mkanda mzima usio na matundu, kingo zilizokunjwa, za kukaza kwa skrubu na nati. Kaza mpaka uso wa mpira ulingane na mkanda, usizame.

Filta

Filta ilifungwa baada ya pampu, kwenye bano lake karibu na ukuta wa injini, upande usio na manifoldi ya moshi, mshale ukielekea injini. Mdomo wa kutokea ni wa banjo (kiungo cha pete kinachoshikwa na bolti yenye tundu la kupitisha mafuta), bolti M12 yenye nyuzi za 1.25, na kila upande wa banjo ulipata washa mpya ya shaba. Washa ya zamani ilishajibana kwa umbo la bolti ya zamani, haizibi tena. Bolti ilikazwa N·m 30. Wakati wa kukaza, spana ya pili ishike nati ya filta yenyewe. Ukiiacha, filta inazunguka na kulipinda bomba la chuma la upande wa pili.

Kutoka filta hadi reli ni mpira, sentimita 30, wenye kulegea kidogo. Injini inatikisika kwenye mipira yake, hasa ikiwaka na ikizima. Ukiunganisha kwa bomba gumu, bomba litapasuka shingoni.

Zile filta ndogo za plastiki inayopitisha mwanga hazina nafasi popote baada ya pampu ya EFI. Plastiki ile inavimba, inapasuka kwenye mshono, na inafanya hivyo juu ya injini.

Umeme

Pampu sasa inapata umeme kupitia rilei yake ya asili inayoamriwa na kontrol boksi, kwa waya wa mm² 2.5 na fyuzi ya ampea 15. Injini ikiacha kuzunguka, pampu inazima ndani ya sekunde chache, hata ufunguo ukiwa kwenye ON. Kwa waya wa zamani pampu ilikuwa inapata volti 11.6 wakati betri inasoma 13.8, na volti mbili hizo ni mafuta mengi yaliyopotea. Sasa tofauti ni volti 0.3.

Kabla ya kuwasha injini, +B (umeme) na FP (pampu) viliunganishwa kwa kipande cha waya kwenye soketi ya uchunguzi, pampu ikazunguka dakika 5 injini ikiwa imezimwa. Tishu ikapitishwa kwenye kila kiungo, kuanzia tanki hadi reli. Kiungo kimoja, banjo ya reli, kilitoa unyevu. Kilifunguliwa, kikawekewa washa nyingine na kukazwa upya. Usikaze zaidi kiungo kinachovuja ukidhani kitaziba, utakata bolti.

Baada ya kuzima, presha ilibaki bar 2.0 kwa dakika 5. Isiposhuka chini ya bar 1.5 kwa muda huo, valvu ya pampu, regyuleta na injekta zote ziko sawa.

Injini ikiwa na joto la saa nzima, sailensi ilisoma bar 2.3, bila vakyumu 2.9, na kwenye mizunguko 3,500 sindano haikutikisika. Lita zilizorudi kwa sekunde 30 zilikuwa 0.80, safi, bila povu. Gari lilizungushwa kipilefti likiwa na lita 6 tu tankini, halikuzima.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza filta hii ni ya kusafishia tanki tu, kwa sababu tanki la mtumba litaachia uchafu wake wote wakati huo. Ilipotolewa na kumwagwa kinyumenyume kwenye kitambaa cheupe, ilitoka maji ya kahawia na unga mwembamba wa kutu kama majani ya chai yaliyosagwa. Filta ya pili, kwa petroli tunayoijua, isipite kilomita 20,000. Mipira ikaguliwe kwa kukunjwa kwa vidole kila huduma, na wenye mistari ya kupasuka kwenye mkunjo utolewe siku hiyohiyo.